Ni Kazi ya Nani? Neno juu ya Mchongaji na Mpiga Chapa

Ndugu wasomaji, na ninyi walimu wa sharika, leo twawaletea swali ambalo kwanza laonekana dogo, nalo ni hili: watu wawili wakifanya kazi moja, sifa yake ni ya nani? Swali hili hatukulipata vitabuni. Lilitujia mwaka jana, katika Sikukuu ya Mavuno, hapa kwetu Shinyanga, nasi ndio tuliokosa. Kwa hiyo si haki tulifiche.

Habari yenyewe ni hii. Kijana mmoja wa usharika wetu alikuwa akifanya kazi machimboni, upande wa Geita, akirudi nyumbani kila baada ya majuma machache. Alipopumzika alikuwa na desturi ya kuchora kwa mkaa juu ya karatasi za mifuko ya saruji. Mgeni mmoja aliona michoro yake, akampa vipande vya linoliamu na patasi ndogo tatu, akamwonyesha namna ya kuchonga. Sikukuu ilipokaribia, tulimwomba atuchongee picha ya kuuza, ili tupate fedha za kutengeneza paa la kanisa. Akachonga picha ya mama anayepepeta mtama, na chini yake maneno mawili, MAVUNO YETU.

Labda msomaji atauliza, Linoliamu ni nini? Ni kitu kilichobuniwa kwa ajili ya kutandikwa sakafuni. Mwingereza mmoja, Frederick Walton, alipata hati ya kukitengeneza mwaka 1863. Huchanganywa mafuta ya mbegu za kitani yaliyogandishwa kwa hewa, na unga wa gome la mti uitwao koki, na utomvu, vikashindiliwa juu ya kitambaa cha juti kilicho kama gunia. Jina lake latokana na maneno mawili ya Kilatini, kitani na mafuta. Kitu hiki hakina nyuzi kama ubao, kwa hiyo patasi hupita upande wo wote pasipo kukwama, nacho kikipata joto la jua hulainika. Ndiyo sababu wachoraji wengi wasio na fedha za kununua shaba wala mbao ngumu walikipenda.

Kazi yake ni hivi. Mchongaji huchora picha yake juu ya kibao, kisha huondoa kwa patasi kila mahali patakapokuwa peupe. Palipobaki ndipo panaposhika wino. Mpiga chapa naye hukigandisha kibao juu ya kipande cha mti hata kifikie kimo cha herufi za risasi, yaani kadiri ya milimita 23, hutandaza wino kwa rola, huweka karatasi, hukandamiza. Wino ukizidi, mistari myembamba huzibwa. Ukipungua, weusi hutoka una mabaka kama ngozi ya ng'ombe. Mahali palipo chini kidogo, hutia kipande cha karatasi chini ya kibao, pengine kipande kisichozidi ukucha. Tena kila kitu hutoka kinyume: mkono wa kuume huwa wa kushoto, na maneno hayana budi kuchongwa kinyumenyume ili yasomeke sawasawa.

Kijana wetu alilisahau jambo hilo. Alichonga maneno yake kama tunavyoyaandika sisi kwa kalamu.

Kibao tulikipeleka kwa mzee mmoja mjini, mwenye mashine ya zamani ya kukanyagwa kwa mguu, ambayo kwayo hupiga chapa vitabu vya stakabadhi na kadi za arusi. Mzee alipiga chapa ya kujaribu, akaona maneno yametoka kinyume. Alikuwa na kisu mkononi, naye angeweza kuyakata mara moja na kuendelea na kazi, kwa kuwa siku zilikuwa zimebaki chache. Hakufanya hivyo. Alikifunika kibao kwa kitambaa, akangoja siku tatu mpaka kijana aliporudi kutoka machimboni, akamwambia, "Mwanangu, mchoro ni wako. Niambie nifanye nini." Wakapatana kuyaondoa yale maneno, na mzee akayapanga mengine kwa herufi za risasi, akayaweka chini ya picha. Kisha alikaa siku nzima akitia karatasi nyembamba chini ya kibao, maana mbingu ya ile picha ilikuwa imechongwa kwa kina kidogo mno, nayo ilikuwa ikitoka na uchafu. Jioni picha ilitoka safi. Akapiga nakala 200.

Siku ya sikukuu tulisimama mbele ya watu tukaiinua picha, tukasema, "Tazameni kazi ya kijana wetu!" Watu walipiga vigelegele, wakanunua nakala zote kabla ya saa nane. Mzee yule alikuwa ameketi benchi la tatu. Hatukumtaja. Hatukufanya kwa ubaya, hatukumkumbuka tu. Baada ya ibada alitupa mkono kama siku zote.

Majuma mawili yalipita. Tulikwenda kwake kulipa fedha zilizobaki, akatuonyesha karatasi aliyoitunza ndani ya kitabu cha hesabu. Ilikuwa ile chapa ya kwanza, yenye maneno yaliyotoka kinyume. Akasema kwa upole, "Baba Mchungaji, fedha mmenilipa. Karatasi hii naiweka, ili mkisahau, yenyewe iseme kwamba nilikuwapo."

Basi, ndugu, maneno hayo hayakutuacha tulale vizuri. Tukaanza kufikiri: Je! tulimdhulumu? Fedha yake aliipata yote. Sasa tulimnyima nini?

Wako watakaosema, Jambo hili ni rahisi: kigawanyeni kilichopatikana, kila mtu achukue sehemu yake. Nasi twaijua desturi hiyo. Katika machimbo madogo ya Nyarugusu na mahali pengine pa Geita, mawe yakitolewa duarani hugawanywa kwa mifuko, kwa mapatano: hii ya mwenye leseni, hii ya mwenye duara, hii ya wachimbaji. Mtu hubeba mifuko yake akaipeleka kusagwa, na shauri limekwisha. Lakini picha haigawanyiki hivyo. Hakuna awezaye kutwaa karatasi akasema, mstari huu ni wa mchongaji, na weusi huu ni wa mpiga chapa. Ondoa mkono wa mmoja, imebaki karatasi tupu au kipande cha sakafu kilichokwaruzwa.

Picha yafanana zaidi na shamba la elika. Katika Usukuma vijana walilima pamoja, majembe yakiinuka na kushuka kwa mlio wa ngoma, na mpaka leo twaicheza ngoma ya bugobogobo kwa majembe mikononi. Shamba likiisha kulimwa, hapana aonyeshaye tuta moja na kusema, hili limelimwa na mpiga ngoma. Wala hapana mwenye akili asemaye kwamba mpiga ngoma hakulima. Kazi ni moja, nao wote wamo ndani yake. Kwa hiyo iliyo haki hapa haifanani na ile ya kugawanya mifuko. Ni haki ya kusema kweli. Tuliposema, "Tazameni kazi ya kijana wetu," tulisema nusu ya kweli, na nusu ya kweli, ikisemwa mbele ya watu 300, yaweza kumfuta mtu.

Lakini liko jibu jingine, nalo lina nguvu, hasa kwa wasomaji wa gazeti hili. Wasema: Mkristo asitafute jina. Mzee yule angekuwa mnyenyekevu kweli, asingaliitunza ile karatasi. Nasi tukaligeuza jibu hili moyoni siku nyingi, maana linatupendeza, tena linatuondolea lawama.

Tuangalie basi habari ya kale tunayoijua sana. Mwezi wa Septemba mwaka 1522 Agano Jipya la Luther lilitoka Wittenberg. Ndani yake, katika kitabu cha Ufunuo, mlikuwa na picha 21 za mbao, zilizotoka katika karakana ya Lucas Cranach. Na mpiga chapa alikuwa Melchior Lotter, yule kijana. Ukilifungua karatasi lake la kwanza, huoni jina la Luther, wala la Cranach, wala la Lotter. Waona tu jina la kitabu na la mji. Hapo Luther alilificha jina lake mwenyewe pamoja na ya wenzake, wala hakuna aliyepanda juu ya bega la mwingine ili aonekane. Hicho chaweza kuitwa unyenyekevu, ijapokuwa hofu ya adui nayo huenda ilikuwamo. Sasa linganisha na sisi. Sisi hatukuficha majina yote. Tulitaja moja, tukaacha la pili.

Tofauti ndiyo hiyo, ndugu. Anayelificha jina lake mwenyewe anatoa kilicho chake. Anayelificha jina la mwenzake anatoa kisicho chake. Unyenyekevu ni sadaka, na sadaka hutolewa na mwenye mali. Mtu hawezi kutoa sadaka mbuzi wa jirani. Sisi tulimwekea mzee unyenyekevu ambao hatukumwuliza kama anautaka. Maandiko nayo hayaoni aibu kumtaja mtu wa kazi. Waliotengeneza hema ya kukutania wametajwa wawili, Bezaleli na Oholiabu, wala si yule wa kwanza peke yake. Tena mwisho wa Waraka kwa Warumi yupo Tertio, aliyeushika wino na kuuandika, naye awasalimu wasomaji kwa jina lake mwenyewe. Paulo hakumzuia.

Kosa letu si geni duniani. Huko Japani, kwa karne nyingi, picha za mbao zilifanywa na mikono minne: mchoraji, mchongaji, mpiga chapa, na mwenye kutoa gharama na kuuza. Juu ya karatasi mara nyingi lilionekana jina la mchoraji na alama ya mwenye kuuza. Wale wawili wa katikati, ambao pasipo wao hapangekuwa na picha, mara nyingi hawakuandikwa.

Hata katika siku zilizo karibu nasi yako mambo ya namna hiyo. Katika mji mdogo wa Vallauris, kusini mwa Ufaransa, alikuwako mpiga chapa jina lake Hidalgo Arnéra. Mchoraji mashuhuri Picasso alianza katika miaka ya 1950 kuchonga linoliamu kwa ajili ya matangazo ya maonyesho ya mji ule, naye Arnéra akapiga chapa. Mwaka 1958 Picasso alichonga uso wa mwanamke, akifuata picha ya Cranach mdogo, mwana wa yule Cranach wa Wittenberg. Aliichonga kwa vibao kadhaa, na kazi ya kuvipatanisha ilikuwa ngumu sana, kwa kuwa kibao kikihama kidogo tu, rangi hazikutani. Baadaye, tangu mwaka 1959, walifuata njia nyingine ya kibao kimoja: huchongwa kidogo, hupigwa chapa rangi ya kwanza juu ya karatasi zote, huchongwa tena, hupigwa rangi ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Katika njia hii hakuna kurudi nyuma, maana kilichokwisha kuchongwa hakirudi. Mpiga chapa akiharibu rangi ya tatu, mchongaji hawezi kumpa tena kibao cha kwanza. Picasso alichonga, kibao kikapelekwa kwa Arnéra, naye Arnéra akarudisha chapa za kujaribu siku ile ile, ili mwenziwe aone na aendelee. Kila mmoja alikuwa ameweka kazi yake mkononi mwa mwingine. Jina lililoandikwa kwa kalamu chini ya zile picha ni la Picasso. Hatusemi kwamba hii ni wizi, kwa maana mchoro ulikuwa wake, na habari za Arnéra hazikufichwa. Ndiyo sababu hata sisi huku tumezipata. Twasema tu kwamba sahihi moja haitoshi kusimulia kazi ya wawili, nayo yahitaji mtu wa kuisimulia.

Mwingine atasema, Basi mchongaji na apige chapa mwenyewe, ugomvi uishe. Hili nalo limefanyika, tena kwa ndugu zetu Walutheri. Huko Rorke's Drift, katika Natal ya Afrika Kusini, Peder na Ulla Gowenius kutoka Uswidi walianzisha kituo cha sanaa cha Kanisa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wanafunzi wakafundishwa kuchonga na kupiga chapa pia. Azaria Mbatha alitoka huko, ambaye alianza kuchonga linoliamu alipokuwa mgonjwa hospitalini Ceza. Na John Muafangejo, aliyechonga maneno mengi ndani ya picha zake, nayo kila neno ikampasa kulichonga kinyume. Njia hii ni njema, kwa sababu mtu aliyewahi kutandaza wino hawezi kumdharau mtandaza wino. Lakini haiondoi swali letu. Aliyewafundisha ni nani? Aliyewapa karatasi ni nani? Kazi ya mtu mmoja peke yake karibu haipo. Vitabu vingi vya Kanisa tulivyosoma tangu utoto vilitoka katika kiwanda cha chapa cha Vuga, huko Usambara. Ni nani kati yetu ajuaye jina la yule aliyezipanga herufi moja moja?

Haya basi, yatupasa nini? Hatuna sheria ya kuwapa, ila twaona wawili hawa wana deni, kila mmoja kwa mwenziwe.

Mchongaji amdai mpiga chapa mambo mawili. La kwanza, asiubadili mstari wake pasipo kumwuliza, hata kama mstari una kosa. Mzee wetu alilijua hili pasipo kufundishwa na mtu. Zile siku tatu za kungoja zilikuwa heshima kubwa kuliko sifa zote tulizompa kijana. La pili, asizidishe nakala kwa siri. Wakipatana nakala 40, ziwe 40, na kila moja iandikwe hesabu yake; kisha kibao kikwaruzwe mistari ili kisitumike tena. Anayepiga ya 41 usiku anamwibia mchongaji, tena anawaibia wote 40 waliokwisha kununua.

Mpiga chapa naye amdai mchongaji mambo mawili. La kwanza, asimpe kibao kama ampavyo mtu punda mzigo, bali aje asimame karibu na mashine, aone, asikie, akubali kuambiwa kwamba amechonga kwa kina kidogo mno. La pili, akisifiwa, aseme, "Tulikuwa wawili." Maneno haya hayampunguzii cho chote. Kijana wetu alipoulizwa kwa nini siku ile alinyamaza, alisema, "Baba Mchungaji, nilingoja ninyi mseme. Mliponyamaza, nilidhani ndiyo desturi." Jibu hili lilituchoma kuliko lile la mzee, maana tulikuwa tumemfundisha kijana kunyamaza, nasi tulidhani tunamtia moyo.

Jumapili iliyofuata tulisimama tena mahali pale pale, tukasema mbele ya usharika kwamba tulikuwa tumesema nusu, tukamtaja mzee, na kazi aliyoifanya, na zile siku tatu. Watu walipiga makofi. Mzee alisimama akasema maneno machache tu: "Sasa mmesema kweli. Lakini msizidishe. Mchoro ni wa kijana." Akaketi. Tukajifunza kwamba mtu anayetaka kweli isemwe juu yake hapendi isemwe zaidi ya ilivyo. Ndivyo atambulikanavyo na mtu apendaye sifa.

Baadaye zilipigwa nakala nyingine 100, kwa mapatano ya wote wawili, na chini yake mzee amepanga majina mawili kwa herufi ndogo za risasi, la aliyechonga na la aliyepiga chapa. Lakini zile 200 za kwanza zimo majumbani mwa watu, toka Shinyanga mpaka Kahama na Geita, nazo hazina jina la mzee. Hatuwezi kuzikusanya. Neno likisemwa mdomoni laweza kusahihishwa Jumapili ya pili. Likipigwa chapa hukaa ukutani.

Kwa hiyo twawasihi ninyi walimu na waandishi wa taarifa za sharika. Mtakapoandika habari za kwaya, mtajeni aliyetunga na aliyefundisha. Mtakapoandika habari za jengo, mtajeni fundi na yule aliyebeba maji. Kama mmoja wao atasema, "Jina langu liacheni," liacheni, kwa kuwa ni lake, naye ana ruhusa ya kulitoa. Lakini mwulizeni kwanza.